Kibali cha Bastola cha Jimbo Jingine: Kinalipa au Ni Karatasi Tu?

Muhula huu nimeulizwa swali moja mara tatu, na wote walioniuliza ni wanachuo wenye ndugu Marekani. Kila mmoja analiuliza kivyake, lakini kiini ni hiki: huko kuna darasa la siku moja, unalipa ada, unachukuliwa alama za vidole, na baada ya muda unapata kibali cha kubeba bastola kwa kificho. Kibali chenyewe si cha jimbo unaloishi. Ni cha jimbo jingine, ambalo pengine hujawahi hata kulikanyaga. Je, kinalipa?

Mimi nipo mwaka wa tatu sheria, na katiba linganishi ni kozi niliyoipenda mno, kwa hiyo nitalijibu kama somo. Siandiki kuhusu kama silaha ni nzuri au mbaya. Mjadala huo una ukumbi wake. Naandika kuhusu karatasi: ina nguvu gani, nguvu hiyo inaishia wapi, na nani anaumia akidhani inafika mbali kuliko inavyofika. Kwa ndugu zetu ambao si raia wa kule, kukosea jibu kunaweza kuleta kifungo na, baada ya kifungo, tiketi ya kurudishwa nyumbani bila kupenda.

Anza na mambo yasiyo ya Muungano

Sisi Watanzania tuna ufunguo mzuri wa kuielewa Marekani, ila hatuutumii. Katiba yetu ina orodha ya mambo ya Muungano. Elimu ya juu imo. Elimu ya msingi haimo, ndiyo maana Zanzibar ina wizara yake ya elimu na utaratibu wake. Hata sisi wa sheria tunajua: ukiapishwa kuwa wakili bara, hujawa wakili wa Zanzibar kwa sababu hiyo tu. Nchi moja, pasipoti moja, lakini muhuri wa upande mmoja hauvuki maji wenyewe.

Sasa zidisha hali hiyo kwa majimbo 50. Serikali ya shirikisho ya Marekani ina sheria zake za silaha: inasema nani haruhusiwi kabisa kumiliki, na maeneo gani hayaguswi. Lakini ruhusa ya kutembea barabarani na bastola chini ya koti ni jambo ambalo kila jimbo linajitungia. Jimbo linaweza kudai kibali, linaweza kutokidai, na linaweza kukataa kibali cha jirani yake kama vile hakipo.

Hapo wengi huuliza: na ile haki ya kikatiba? Ipo. Marekebisho ya Pili ya Katiba yao yalipitishwa mwaka 1791. Mwaka 2008, katika kesi ya Heller, Mahakama ya Juu ilisema haki ya kuweka silaha nyumbani kwa kujilinda ni ya mtu binafsi. Mwaka 2022, katika kesi ya Bruen, ilisema haki hiyo inatoka nje ya nyumba pia. Lakini soma hukumu yenyewe. Kilichoangushwa katika Bruen ni utaratibu wa New York wa kumtaka mwombaji athibitishe kwamba ana sababu ya pekee ya kubeba silaha, tofauti na watu wengine. Utaratibu wa kutoa vibali haukufutwa, na hakuna mahali mahakama ilipoliagiza jimbo moja kuheshimu kibali cha jingine. Mwaka 2025 Mahakama Kuu ya Massachusetts ilikubali kwamba jimbo hilo linaweza kumdai mgeni leseni ya Massachusetts kabla hajaingia na bastola yake.

Wengine hulinganisha na leseni ya udereva. Leseni ya Ohio inaendesha gari hadi California, kwa nini kibali kisifike? Jibu ni kwamba kwenye udereva majimbo yote yamekubaliana kutambuana, na kwenye bastola hayajakubaliana. Bunge lao lilijaribu kulazimisha. Desemba 2017 Baraza la Wawakilishi lilipitisha muswada wa kutambuana vibali nchi nzima kwa kura 231 dhidi ya 198, ukafia Seneti.

Kwa nini basi watu wanavinunua?

Kwa sababu kuna majimbo yanayotoa kibali hata kwa asiye mkazi, na baadhi ya majimbo mengine yanakitambua. Utah ndiyo maarufu zaidi. Darasa lake linaweza kufundishwa nje ya Utah na mwalimu aliyethibitishwa na jimbo hilo, sheria haidai mwanafunzi apige risasi shabahani, kibali kinadumu miaka 5, na majimbo zaidi ya 30 yanakitambua. Florida, Arizona, Virginia na New Hampshire nazo hutoa. New Hampshire mkazi hulipa dola 10 na mgeni dola 100, kwa hiyo mnaona kwamba mgeni ni mteja mzuri.

Zamani biashara hii ilikuwa na mantiki nzito. Mtu aliyenyimwa kibali na polisi wa mji wake aliweza kuchukua cha Florida kwa posta na kukitumia mjini kwake kwa nguvu ya makubaliano ya kutambuana. Philadelphia walifanya hivyo hadi ikawa ugomvi wa kisiasa. Mwaka 2013 Pennsylvania ikabadili makubaliano yake na Florida: tangu hapo kibali cha Florida kinatambuliwa tu kikiwa mkononi mwa mkazi wa Florida. Utah yenyewe ilikuwa imeshaanza kujibana. Tangu 2011, kama jimbo lako linatambua kibali cha Utah, Utah inakutaka kwanza uwe na kibali cha nyumbani.

Kisha kikaja kitu kilichopunguza thamani ya vibali vyote kwa pamoja: majimbo kuacha kuvidai. Vermont haijawahi kudai. Alaska iliacha 2003, Arizona 2010, Utah 2021, Ohio 2022, Florida 2023. Hadi mwisho wa 2024 majimbo ya namna hiyo yalikuwa 29. Maana yake, katika zaidi ya nusu ya majimbo, mtu mzima asiye na zuio la kisheria hakuhitaji kibali, awe na cha Utah au cha kwao. Ukiambiwa "kibali hiki kinakubalika majimbo zaidi ya 30," uliza kwanza: mangapi kati ya hayo yangeniruhusu hata bila hicho kibali? Hapo namba inasinyaa mbele ya macho yako.

Hesabu ya binamu yangu

Nina binamu Columbus, Ohio. Ana grini kadi, anaendesha lori la masafa marefu, analala kwenye maegesho ya barabarani usiku, na sababu yake ya kutaka bastola mimi sina ubavu wa kuicheka. Yeye ndiye aliyetangaziwa darasa la Utah. Tulifanya hesabu pamoja kwa simu, na nairudia hapa kwa sababu namna ya kuhesabu ndiyo somo.

Hatua ya kwanza: Ohio yenyewe. Hadai kibali tangu 2022, lakini jimbo bado linakitoa kwa anayekitaka. Hatua ya pili: kaskazini, Michigan. Michigan inatambua vibali vya majimbo mengine, ila kwa sharti kwamba mwenye kibali awe mkazi wa jimbo lililokitoa. Kibali cha Ohio mkononi mwa mkazi wa Ohio kinapita. Kibali cha Utah mkononi mwa mkazi huyohuyo wa Ohio hakipiti. Colorado nayo ina sharti kama hilo. Kwa hiyo karatasi aliyouziwa kama "pana zaidi" ni nyembamba kuliko ile ya nyumbani kwake, pale hasa anapopita.

Hatua ya tatu: mashariki, bandari ya Newark, New Jersey. Huko hakipiti cha Utah, hakipiti cha Ohio, hakipiti cha jimbo lolote. New Jersey, New York, California, Illinois na Maryland ni miongoni mwa majimbo yasiyotambua kibali cha nje. Illinois angalau humwachia mgeni anayeruhusiwa kwao abaki na silaha ndani ya gari. New Jersey haina huruma hiyo. Ukienda kwa wenye chongo, vunja lako jicho; na huko sheria haikuulizi kama ulijua wana chongo.

Jumla: kwa njia zake, kibali cha Utah kingemwongezea karibu sifuri, na pale alipokuwa anakihitaji kweli kisingemwokoa. Nilimwambia kama ni kuchukua, achukue cha Ohio, na safari ya Newark bastola ibaki nyumbani. Mwajiri wake naye ana kanuni zake kuhusu silaha kwenye lori, na kanuni hizo hazifutwi na kibali cha jimbo lolote.

Kibali halali, daraja moja, rumande

Kama unadhani naongeza chumvi, angalia kilichotokea Oktoba 2013. Mama mmoja wa Philadelphia, mwenye watoto wawili na asiye na rekodi ya jinai, alikuwa na kibali halali cha Pennsylvania. Philadelphia na New Jersey zimetenganishwa na mto Delaware tu. Watu wanavuka daraja kama sisi tunavyovuka Kigamboni. Alisimamishwa na polisi upande wa New Jersey kwa kosa la barabarani. Yeye mwenyewe, kwa uaminifu, akamwambia askari kwamba ana bastola na kibali hiki hapa. Akakamatwa. Alikaa rumande takriban siku 40, na alikabiliwa na kifungo cha lazima cha miaka isiyopungua 3. Kelele za umma zilipokuwa kubwa waendesha mashtaka wakalegeza, na Aprili 2015 gavana Chris Christie akampa msamaha.

Huyo alikuwa raia, na alipata gavana. Mwenye grini kadi yuko pabaya zaidi. Sheria ya uhamiaji ya Marekani inahesabu kutiwa hatiani kwa kubeba au kumiliki silaha kinyume cha sheria kuwa sababu ya kufukuzwa nchini, hata kama kosa ni la sheria ya jimbo. Kwa hiyo binamu yangu anapovuka mpaka na kibali kisichotambuliwa, anahatarisha kifungo na pia kadi yenyewe, kazi yake, na shule ya watoto wake.

"Si kuna sheria ya kupita salama?"

Ipo, ya 1986. Inamruhusu msafiri kupita na silaha katika jimbo lisilomruhusu, lakini masharti yake yasomwe kwa makini: silaha iwe halali kwako unakotoka na unakokwenda, isiwe na risasi, na wewe na abiria msiweze kuifikia kirahisi; gari lisilo na buti la kutenganisha, iwe kwenye kasha lililofungwa. Inamlinda anayepita. Kama New Jersey ndiyo unakoshusha mzigo, wewe hupiti, umefika.

Hata anayepita kweli anaweza kunaswa. Mwaka 2005 msafiri mmoja wa Utah alikuwa anaelekea Pennsylvania kwa ndege kupitia Newark, bastola ikiwa imefungwa vizuri ndani ya begi. Alikosa ndege ya kuunganisha, akachukua begi, akalala hotelini. Asubuhi yake aliporudi uwanjani na kutangaza silaha yake kama kanuni za ndege zinavyotaka, akakamatwa. Mashtaka yalifutwa baadaye, lakini alipodai fidia, mahakama ya rufaa ya shirikisho ilisema mwaka 2010 kwamba usiku ule hotelini bastola ilikuwa mahali anapoweza kuifikia, kwa hiyo sheria ya kupita salama haikumfunika. Usiku mmoja wa hoteli, ambao hakuupanga.

Pale kinapofaa kweli

Nisiwe wa upande mmoja. Kuna hali tatu ambapo kibali cha jimbo jingine kina kazi halisi.

Ya kwanza ni mkazi wa jimbo lisilotoa kibali. Vermont haidai na pia haitoi. Mkazi wake akitaka kusafiri katika majimbo yanayodai kibali, hana cha nyumbani cha kuonyesha. Lazima atafute cha kwingine.

Ya pili ni mtu anayekwenda mara kwa mara katika jimbo lisilotambua kibali chake lakini linalompa mgeni nafasi ya kuomba cha hapohapo. Huyo anapata ruhusa ya mwenye nyumba mwenyewe.

Ya tatu wengi hawaijui. Sheria ya shirikisho inakataza kuwa na bunduki ndani ya futi 1000, kama mita 300, kutoka shule ya msingi au sekondari. Mahakama ya Juu iliiangusha mwaka 1995 katika kesi ya Lopez, Bunge likaiandika upya mwaka 1996, na ipo hadi leo. Inamwachia mwenye kibali kilichotolewa *na jimbo ambalo shule hiyo imo*. ATF, idara ya shirikisho inayosimamia silaha, imelisoma neno hilo kama lilivyo: kutambuliwa hakutoshi, lazima jimbo hilo ndilo liwe limekitoa. Kwa mujibu wa usomaji huo, Mohio anayekaribishwa Virginia kwa kibali cha Ohio bado anaweza kuvunja sheria ya shirikisho akipita mbele ya shule, ilhali akiwa na kibali cha Virginia cha asiye mkazi havunji. Mijini futi 1000 ni kila kona.

Mnaona hali ya pili na ya tatu zinavyofanana? Kibali kinachofaa ni cha jimbo *unakokwenda*. Kile kinachouzwa sana ni cha jimbo la tatu, ambalo hutoki wala huendi.

Kwa wanaosubiri viza ya masomo

Sehemu hii ni ya wale wenye barua za udahili mfukoni. Ukiingia Marekani kwa viza ya mwanafunzi, sheria ya shirikisho inakukataza kumiliki bunduki au hata risasi. Kuna milango michache myembamba, kama kuwa na leseni halali ya uwindaji, lakini kibali cha jimbo cha kubeba bastola si mmojawapo. Adhabu ilikuwa hadi miaka 10. Tangu 2022 ni hadi miaka 15.

Na usidhani "kumiliki" ni kununua tu. Kesi ya Rehaif dhidi ya Marekani ilimhusu kijana wa Falme za Kiarabu aliyekwenda kusoma chuo kikuu Florida. Alifeli, akaondolewa masomoni, hadhi yake ya uhamiaji ikakoma, lakini akabaki. Kilichompeleka mahakamani ni kwenda kupiga shabaha kwenye uwanja wa mazoezi. Mwaka 2019 Mahakama ya Juu, kwa majaji 7 dhidi ya 2, ilisema serikali lazima ithibitishe kwamba mshtakiwa alijua yumo katika kundi lililokatazwa. Ni ushindi wa kisheria, ila hautakusaidia: ukishasoma makala haya, wewe unajua.

Kwa hiyo rafiki wa bweni akikualika Jumamosi kwenda kupiga shabaha, jibu ni hapana, asante. Na bastola utaziona. Texas, tangu tarehe 1 Agosti 2016, vyuo vikuu vya umma vinaruhusu wenye leseni kubeba kwa kificho chuoni. Mtaani Texas iliacha kudai leseni mwaka 2021, chuoni bado inadaiwa. Jirani yako wa viti vya nyuma anaweza kuwa nayo kihalali. Wewe huwezi.

Jibu langu

Kwa watu wengi, kibali cha jimbo la tatu hakilipi. Kabla ndugu yako hajatoa dola zake, mwambie ajibu haya kwa mpangilio huu, maana jibu la "hapana" mapema linafuta yaliyobaki:

1. Sheria ya shirikisho inaniruhusu kumiliki silaha? Mwenye viza ya masomo anaishia hapa.
2. Nina kibali cha jimbo ninaloishi, kama linatoa? Kama sina, hicho ndicho cha kwanza.
3. Nitapita majimbo yapi hasa? Yaandikwe kwa majina, si "Marekani".
4. Kila moja linatambua kibali kipi, na linamtaka mwenye kibali awe mkazi wa lililokitoa?
5. Nimeangalia lini mara ya mwisho? Desemba 2015 mwanasheria mkuu wa Virginia alitangaza kuacha kutambua vibali vya majimbo 25. Mwezi uliofuata gavana na bunge wakakubaliana kugeuza uamuzi huo. Aliyekariri ramani ya mwaka uliopita alikuwa amekariri kitu kisichokuwepo.

Kwa sisi tunaosoma sheria, kuna la kuchukua hata kama hatutagusa bastola maishani. Ukipewa hati yoyote, iwe kibali, leseni au cheti, usiishie kusoma jina la aliyeitoa. Tafuta yule atakayeoneshwa, kisha uulize ni sheria gani inamlazimisha kuikubali. Yule mama wa Philadelphia alikuwa na hati isiyo na kasoro hata moja. Askari aliyeioneshwa hakuwa na sheria inayomlazimisha.

Maswali ya kujadili kwenye vikundi

(a) Je, Bunge la Marekani lingepitisha sheria ya kutambuana, jimbo lenye masharti makali lingebaki na nini? (b) Bainisha tofauti kati ya *haki* ya kubeba silaha na *kutambuliwa* kwa kibali, ukitumia Bruen. (c) Taja mambo mawili yasiyo ya Muungano hapa kwetu ambapo hati ya upande mmoja haitoshi upande wa pili, na ueleze kama ungependa ibaki hivyo.